Sura ya Tatu: Kichaka Kilichotangulia Nyumba

Kiserian, chini ya Vilima vya Ngong, ploti ya hamsini kwa mia husafishwa kwa siku moja. Vibarua wawili hufika alfajiri na mapanga na jembe, na ikifika saa kumi jioni hakuna kilichosimama ila mawe ya mipaka. Lakini mara nyingi, kwenye kona fulani, hubaki kichaka kimoja ambacho kibarua amekizunguka mara mbili bila kukigusa. Ni Agosti. Nyasi zimekauka, vumbi limetanda hadi barabarani, na chenyewe kinang'aa kijani utadhani mvua imekinyeshea peke yake.

"Mama, na huu nao niukate?"

Mwenye ploti anasogea. Majani ni mazito, yameng'arishwa kama kiatu cha Jumapili. Maua ni madogo, meupe, yana harufu tamu inayomkumbusha yasmini. Chini ya majani kuna vitunda, vingine vyekundu, vingine zambarau iliyokolea.

"Huu ni mti gani, baba?"

"Sijui, mama. Lakini mbuzi wa huku hawaugusi."

Hapo wengi hukata shauri kwa macho. Anayependa maua husema uachwe, utapamba lango. Anayetaka nafasi ya tangi la maji husema uende. Wote wawili wameamua kabla ya kujua, na kwa kichaka hiki hasa kutojua kuna gharama, kwa sababu katika ardhi hiyo kuna mimea miwili inayofanana kama ndugu wa tumbo moja: mmoja hulisha watoto wa wachungaji, na mwingine umeua ndovu.

Wa kwanza ni mtandamboo. Wamaasai huuita olamuriaki, Wakikuyu na Wakamba mukawa, Waluo ochuoga. Yeyote aliyechunga ng'ombe utotoni katika nyanda za juu za Kenya au kaskazini mwa Tanzania ameula: vitunda vya mviringo, vikiiva huwa karibu vyeusi, vitamu, vyenye ute mweupe unaonata midomoni. Mizizi yake huchemshwa na kutiwa katika supu ya nyama, na wazee wengi watakuambia supu isiyo na mzizi huo haijakamilika.

Wa pili ni msunguti. Wamaasai huuita olmorijoi, Wakikuyu mururu, Wakamba kivai. Huo haupikwi supu. Huo ndio mti wa sumu ya mishale.

Vitabu vya mimea vinauita wa kwanza Carissa spinarum, ingawa vya zamani kidogo vinaandika Carissa edulis, na wa pili Acokanthera schimperi. Wote ni wa ukoo mmoja, Apocynaceae, ukoo wa msanapichi na oleanda. Wote hubaki kijani mwaka mzima. Wote huota kwenye udongo wenye mawe, kwenye vilima vikavu na kando ya misitu, kuanzia Ethiopia kushuka Laikipia, Machakos, Kajiado hadi Arusha na kwingineko. Majani yao hukaa mawili mawili yakitazamana, maua yao yana petali tano nyeupe na mrija wenye rangi ya waridi, na matunda yao hupita kwenye rangi zile zile: kijani, nyekundu, zambarau. Si ajabu kwamba mgeni wa mji, aliyekulia ghorofani, hushindwa kuitenganisha. Jambo la kutia moyo ni kwamba kuitenganisha kunahitaji dakika tano tu, macho, na kisu kidogo.

Mahali pa kuanzia si ua. Ua huvutia jicho, lakini kwa miezi mingi halipo. Anza na kitawi chenye urefu wa mkono na uangalie jinsi majani yanavyokaa. Je, yanapishana, moja kulia na lingine juu zaidi kushoto? Au yametokea mawili kwa mara moja, yakitazamana? Swali hilo moja huondoa nusu ya mashaka. Kisha chuma jani moja na utazame kikonyo kilipokatika. Kikitoa utomvu mweupe kama maziwa, na majani ni ya jozi, basi katika bustani za Afrika Mashariki huna budi kuwaza ukoo wa Apocynaceae kwanza. Usionje. Usijipanguse jicho. Nawa mikono, kisha endelea.

Sasa tafuta miiba.

Hapa ndipo ndugu hawa wanapoachana. Mtandamboo una miiba minyofu, migumu, inayofika sentimita tano, inayoota karibu na vikonyo vya majani. Hata jina lake la Kilatini limeibeba: spinarum ni "wa miiba". Msunguti hauna mwiba hata mmoja. Lakini tahadhari iko papo hapo: mtandamboo hauvai miiba kila mahali, na tawi changa au lililo kivulini linaweza kuwa laini kabisa. Mtu aliyechuma tawi moja lisilo na miiba hajathibitisha lolote. Inamlazimu azunguke kichaka kizima, ainame, atazame matawi ya zamani yaliyo chini na ndani, kule ambako panga halifiki kwa urahisi. Akikuta miiba, amekaribia. Asipoikuta baada ya kutafuta kwa bidii, aondoe mkono na awaondoe watoto.

Ushahidi wa pili ni mahali ua linapokaa. Kwa mtandamboo, mashada ya maua hutokea kwenye ncha za matawi. Kwa msunguti, hujibana kwapani, pale jani linapoungana na tawi, kiasi kwamba kitawi chote huonekana kimezungukwa na vishada vidogo. Na hata maua yakishakauka, matunda hubaki yakionyesha palepale. Tunda lenyewe nalo husema: la mtandamboo ni la mviringo, halizidi sana sentimita moja; la msunguti ni la yai, kubwa kuliko hilo, lenye umbo la zaituni. Gome la msunguti mkubwa hupasuka mifereji, na mti wenyewe ukiachwa hufika mita tisa au zaidi, wakati mtandamboo hubaki kichaka, mara nyingine ukitambaa juu ya wenzake.

Hakuna alama hata moja kati ya hizi inayotosha yenyewe. Miiba, mahali pa ua, umbo la tunda: zikikubaliana zote tatu, jina limepatikana.

Kwa nini yote haya kwa kichaka kimoja? Kwa sababu ndani ya msunguti, katika mbao, gome, mizizi, majani na mbegu, mna kemikali inayoitwa wabaini. Jina hilo limetoka kwa Wasomali: waabaayo ni sumu ya mishale na mti unaoitoa. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Léon-Albert Arnaud aliitoa ikiwa fuwele safi, na neno la Kisomali likaingia katika maabara za Ulaya likiandikwa kwa tahajia ya Kifaransa. Mwambao nao una ushahidi wake wa lugha. Wamijikenda huiita sumu hiyo utsungu, na Mswahili hahitaji kamusi kusikia kwamba neno hilo ni jamaa wa uchungu.

Wagiriama walisifika kwa kuipika na kuiuza. Mbao na mizizi ilichemshwa saa nyingi mpaka ikabaki lami nyeusi nzito, ikapakwa kwenye shina la mshale nyuma ya kigumba, kisha ikafungwa kwa ngozi nyembamba ili isikauke wala kupigwa na jua. Wateja wao wakubwa walikuwa Wawaata, wawindaji wa nyika inayozunguka Tsavo, ambao kwa upinde mzito ajabu na mshale huo waliangusha ndovu. Ujuzi huo ulijengwa kwa vizazi, na msingi wake ulikuwa jambo dogo lile lile linalomsumbua mwenye ploti wa Kiserian: kujua ni kichaka kipi, na kutokikosea kamwe.

Namna sumu inavyofanya kazi ilieleweka baadaye, tena kwa njia ya kuvutia. Kila seli ya mwili ina pampu ndogo ukutani: hutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, mchana na usiku, na bila hiyo neva haipigi na moyo haudundi. Mdenmaki Jens Christian Skou aliigundua pampu hiyo mwaka 1957 akitumia neva za miguu ya kaa, na wabaini ndiyo iliyosaidia kuthibitisha alichokiona, kwa kuwa huikaba pampu hiyo hiyo na kuisimamisha. Mwaka 1997 alipata nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia. Pampu ikikabwa, sodiamu hujaa ndani ya seli za moyo, kalisi ikafuata, moyo ukajikaza kwa nguvu mno, kisha ukapoteza mpigo wake. Ndivyo mshale mmoja unavyoweza kumwangusha mnyama wa tani kadhaa hata kama haukugusa kiungo chochote muhimu.

Kuna mnyama aliyeijua siri hii kabla ya binadamu yeyote. Katika misitu na miamba ya Kenya, Ethiopia na nchi jirani anaishi panya mkubwa mwenye manyoya marefu, Lophiomys imhausi kwa jina la kitaalamu. Akitishwa hakimbii. Hutenganisha manyoya ya ubavuni na kuonyesha mistari myeusi na myeupe, kana kwamba anamkaribisha adui aume hapo. Mbwa wanaouma huugua vibaya, na wengine hufa. Mwaka 2011 kundi la watafiti, miongoni mwao Jonathan Kingdon aliyezaliwa Tabora na kufundisha Makerere, lilieleza sababu: panya huyu hutafuna gome la msunguti, huchanganya na mate, kisha hujipaka kwenye manyoya maalumu ya ubavuni ambayo yana matundu kama sifongo na hunyonya sumu hiyo. Mwaka 2020 watafiti wengine walichapisha matokeo ya kuwachunguza panya 25 waliowanasa katikati ya Kenya, na wakashuhudia wakijipaka. Panya hafi. Anautambua mti wake usiku, bila kitabu.

Binadamu, kwa upande wake, amewahi kujifunza kwa bahati. Daktari John Kirk, ambaye baadaye aliwakilisha Uingereza Zanzibar kwa miaka mingi, alikuwa katika msafara wa Livingstone wa mto Zambezi wa 1858 hadi 1864. Alikusanya sumu ya mishale ya huko, itokanayo na mmea mwingine wa ukoo huu huu, Strophanthus, na mswaki wake ukachafuka kwa sumu hiyo ndani ya mzigo. Alipopiga mswaki alihisi uchungu, akashika mkono wake, akakuta mapigo ya moyo yamepungua. Alinusurika. Kutokana na mmea huo, Thomas Fraser wa Edinburgh alitoa dawa ya moyo iliyotumika hospitalini kwa muda mrefu. Dawa na sumu zilitoka kwenye chupa moja. Kilichozitenganisha ni kipimo, na kujua kwa hakika kilichomo.

Basi mwenye ploti afanyeje akitaka hakika?

Jibu la kwanza liko ng'ambo ya ua. Mahali kama Kiserian, kila mtaa mpya una mzee aliyechunga hapo kabla ya ploti kukatwa. Aitwe, apewe chai, apelekwe kwenye kichaka. Hatakisia. Mara nyingi atavunja kitawi, atakinusa, ataangalia mbuzi wanaopita, kisha atasema jina la kilugha. Jina hilo liandikwe palepale, kama lilivyotamkwa, kwa sababu ndilo ufunguo wa mengine yote. Kitabu cha Henk Beentje cha miti, vichaka na mitambaazi ya Kenya, kilichotolewa Nairobi mwaka 1994, kimeorodhesha majina ya lugha za wenyeji pamoja na ya Kilatini, kwa hiyo neno moja la Kimaasai au la Kikamba linaweza kukufikisha kwenye ukurasa sahihi haraka kuliko picha kumi.

Kuna wanaodharau majina haya wakidhani ni mambo ya mashambani, na hapo wanakosea sana. Kwenye misitu ya mwambao wa Kenya na Tanzania kuna kichaka kingine kisichopukutisha majani, mkilua, ambacho maua yake wanawake wa Uswahilini wamejipambia na kujitia manukato tangu zamani. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipoona kwamba mmea huo haufanani na jenasi yoyote iliyopo, aliupa jina lake la kisayansi: Mkilua fragrans. Neno lililosemwa na bibi mwenye kishada cha maua nyweleni leo liko katika kila orodha ya mimea duniani. Sayansi ilichelewa, bibi alikuwa ameshautambua.

Lakini jina la kilugha lina mpaka wake, na lazima lisemwe. Jina moja linaweza kubeba mimea miwili kwa makabila mawili jirani, na mmea mmoja ukabeba majina kumi. Majina ya Kilatini nayo hubadilika. Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, aliukuta mtandamboo Yemen, nchi ambako alifariki mwaka 1763, na jina edulis, yaani unaolika, limetokana na maelezo yake. Leo wataalamu wengi wameuunganisha na mmea unaoota hadi Asia, na hivyo spinarum limechukua nafasi. Mtu akishika kitabu cha zamani na kingine kipya anaweza kudhani amekuta mimea miwili. Amekuta mmoja.

Jibu la pili liko Museum Hill, Nairobi, ndani ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Hapo ipo Hebaria ya Afrika Mashariki, ghala la mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, kila moja ikiwa na tarehe, mahali na jina la aliyeichuma. Ilianzia Amani, katika milima ya Usambara, enzi ya Wajerumani mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Arusha iko Hebaria ya Taifa ya Tanzania, na vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Makerere vina zao. Makabati ya aina hiyo ndiyo yaliyowezesha kazi kubwa iitwayo Flora of Tropical East Africa, iliyoanza kutolewa 1952 na kukamilika 2012, yenye takriban spishi 12,000 za Kenya, Uganda na Tanzania. Miaka sitini ya watu kukaa na kutazama vitawi.

Kwenda huko mikono mitupu na maelezo ya "ni mti wa kijani hivi" hakusaidii. Kinachosaidia ni tawi la urefu wa sentimita thelathini hivi, lenye majani, na ua au tunda. Lilazwe kati ya magazeti, jani moja ligeuzwe ili upande wa chini uonekane, ligandamizwe kwa vitabu vizito, na magazeti yabadilishwe kila siku mpaka likauke. Pembeni iandikwe yale ambayo tawi kavu haliwezi kusema: mmea ulikuwa na urefu gani, ua lilikuwa na rangi gani lilipokuwa bichi, lilinukiaje, utomvu ulikuwepo au la, udongo ni wa namna gani. Rangi huondoka kwanza. Mtaalamu akikabidhiwa tawi la namna hiyo hufanya kwa muda mfupi kazi ambayo mwenye shamba angeifanya kwa mwezi.

Na simu je? Programu za kutambua mimea kwa picha, kama iNaturalist na Pl@ntNet, zimerahisisha mengi, na hakuna sababu ya kuzikwepa. Ila zinahitaji kulishwa vizuri: picha ya kichaka kizima, ya tawi, ya jani juu na chini, ya gome, ya ua na tunda kwa karibu. Watu wengi hupiga picha moja ya kichaka kutoka mbali na kutarajia muujiza. Tena mashine hujifunza kutokana na picha ilizoonyeshwa, na bustani za Ulaya na Marekani zimepigwa picha nyingi kuliko vichaka vya Kajiado. Programu ikileta majina matatu, yachukuliwe kama majina matatu ya kuchunguza, kisha mtu arudi kwenye miiba na kwapa za majani. Kwa tunda la kuliwa, simu isitegemewe kabisa.

Si kila kichaka cha kijani ni mtandamboo au msunguti, bila shaka. Wenye miiba mirefu, majani yanayopishana, tunda la njano lenye ukali wa ndimu na hakuna maziwa ni kaiyaba, uliotoka kusini mwa Afrika na kufanywa ua wa nyumba nyingi Kenya. Jani likifikichwa likanuka ndimu, ni wa ukoo wa michungwa. Majani ya jozi yasiyo na maziwa, yenye kigamba kidogo cha pembetatu kilichobanwa kati ya vikonyo viwili, ni dalili ya ukoo wa mbuni. Shina lenye pembe nne na jani lenye mparuzo na harufu kali hukuelekeza kwa lantana, mgeni wa Amerika anayewaumiza ng'ombe wakimla. Oleanda huwa na majani marefu membamba, matatu matatu kila pingili, na ndugu yake mwenye maua ya njano kama kengele ana majani membamba yanayozunguka tawi. Wote wawili wana sumu ya moyo, na wote wawili hupandwa kwenye malango ya shule na makanisa kwa sababu ni wazuri. Mnyaa, usio na majani ya maana, una maziwa yanayoweza kuharibu jicho. Orodha ni ndefu, lakini maswali ni yale yale: majani yanakaaje, yana maziwa, yana harufu gani, miiba iko wapi.

Tuseme sasa jina limepatikana, na ni msunguti. Mzee jirani amesema olmorijoi, miiba haikuonekana, maua yako kwapani. Je, ukatwe?

Hapa watu waliosoma mimea hutofautiana, na wana haki. Msunguti ni wa ardhi hii. Unavumilia ukame bila kumwagiliwa hata debe moja, ua lake hunukia, na umeshakuwa mkubwa wakati michongoma ya kununua ingehitaji miaka. Nyumba isiyo na watoto wadogo inaweza kuishi nao vizuri, ilimradi kila anayeingia kufanya kazi aambiwe ni nini. Lakini mtoto wa miaka mitatu hana namna ya kutofautisha tunda la zaituni na tunda la mviringo, na mtoto wa miaka minane aliyefundishwa na binamu zake wa kijijini kula mtandamboo yuko hatarini zaidi, kwa kuwa anadhani anajua. Penye watoto, msunguti uondoke, pamoja na mizizi, na mtandamboo upandwe mahali pake. Miche yake huota kutokana na mbegu, miiba yake itawazuia wezi, na matunda watakula.

Anayeukata avae glavu. Matawi yaliyokatwa yasitupwe kwenye zizi wala kando ya njia ya mifugo, maana mnyama anayeupita mti uliosimama anaweza kula majani yaliyochanganyika na mengine. Yafukiwe mbali. Na ikitokea mtu amekula sehemu yoyote ya mmea ambao haujulikani, akaanza kutapika, kuishiwa nguvu au moyo kwenda mrama, asisubiriwe apone wala asinyweshwe dawa ya nyumbani. Aondolewe kilicho mdomoni, akimbizwe hospitali, na anayempeleka achukue kitawi chenye majani na tunda. Kwa daktari, kitawi hicho kina thamani kuliko maelezo ya dakika kumi, kwa sababu sumu ya moyo ina matibabu yake na muda ni mchache.

Bado kuna jambo moja, na ndilo husahaulika zaidi. Ploti ikishasafishwa na nyumba ikisimama, siku ya kuhamia ndugu huja, mbuzi huchinjwa, na mtu hutumwa nyuma ya nyumba kutafuta vijiti vya mishikaki. Pale kwenye rundo la matawi yaliyokatwa, vilivyonyooka na kulainika kuliko vyote, visivyo na mwiba wa kumchoma mkono, ni vya msunguti. Vijiti vya siku hiyo vinunuliwe dukani.